Utepe wa Ishirini na Saba

Jumatatu, 12 Oktoba

Fito tisa leo. Mbili zimevunjika, kosa langu, nilizikunja zikiwa kavu. Lazima zilale majini usiku kucha ndipo zikubali kuwa duara. Nimelijua hilo tangu wiki jana na bado navunja. Ningekuwa mwanafunzi wangu ningejipigisha magoti.

Tuko wanawake saba katika ukumbi wa nyuma ya kanisa, Ndosho. Kila mwaka kamati ya wanajeshi wazee inaomba parokia mashada ya maua kwa siku ya marehemu. Shada moja kwa kila askari aliyekufa, wale wa vitani na wale waliozeeka wakafia kitandani. Kazi ya kujitolea. Padri alipouliza nani ataandika majina kwenye tepe, kanisa zima liligeuka kunitazama. Miaka thelathini ya ubao na chaki. Mwandiko wangu unajulikana hadi Birere, kwenye vibao vya maduka. Sikuwa na pa kujificha.

Mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, aliangusha matawi ya sipre mlangoni akaondoka bila kusalimia. Mama Prezida, mkubwa wetu, akamfuata hadi barabarani kumfundisha adabu. Tulicheka sana. Mikono inanuka utomvu hata baada ya sabuni mara tatu.

Jumatano, 14 Oktoba

Papa Ajida ameleta orodha. Ni ajida wa zamani, cheo cha jeshi, mtu wa Kasai, amestaafu lakini bado anatembea kama kuna jenerali anayemwangalia. Majina arobaini na moja, ameyanakili kwa mkono wake kutoka rejista ya kamati. Mwandiko mbaya. Nimemwambia. Amesema bunduki haihitaji mwandiko.

Nimeanza tepe. Kitambaa cheupe, rangi nyeusi, unyoya wa kuku. Herufi kubwa zisizopinda.

Nina sheria yangu. Nafunika orodha kwa rula na kuteremka jina moja moja. Siisomi mbele. Nikiisoma mbele nitakuwa namtafuta, na mimi sitaki kumtafuta mwanangu kwenye karatasi ya wafu. Kambale Anselme, mtoto wangu wa pili wa kiume. Aliingia jeshi bila kuniuliza. Miezi kumi na minne sasa hatuna habari zake, tangu mapigano ya milima ya Masisi. Simu yake haiiti. Hakuna aliyekuja kuniambia amekufa, kwa hiyo hajakufa. Watu wananiona mkaidi. Waone hivyo.

Tepe kumi na mbili leo. Zimekaa vizuri.

Ijumaa, 16 Oktoba

Namba ishirini na saba. KAMBALE ANSELME.

Nilirudisha rula juu yake. Nikaiondoa. Jina lilikuwa palepale.

Nikaandika namba ishirini na nane.

Nilifika hadi thelathini, mkono ukakataa. Nikasema kichwa kinaniuma. Mama Prezida akataka kuniletea chai. Nikachukua moto, pikipiki ya abiria, hadi nyumbani Mapendo, dereva akaniuliza mara mbili kama niko sawa, nikamwambia aangalie barabara.

Nimekaa kwenye kiti tangu saa tisa. Sijapika.

Jumamosi, 17 Oktoba

Nimefikiri kama mtu mwenye akili.

Kwetu Wanande mtoto hachaguliwi jina la kwanza. Mvulana wa pili ni Kambale, apende asipende. Wa tatu ni Kasereka. Mimi ni Masika kwa sababu nilikuwa msichana wa kwanza, basi. Simama Birere uite Kambale, watageuka watu ishirini na mmoja atakuuliza unamdai nini.

Kuhusu Anselme, hilo ni la Padri Anselme, yule mwenye pikipiki aliyekuwa akibatiza vijiji vyote vya Lubero tulipokuwa vijana. Watu walimpenda. Nusu ya watoto waliozaliwa miaka ile ni akina Anselme, hata wasichana wakaitwa Anselmine. Kwa hiyo Kambale Anselme si mtu mmoja. Ni kundi.

Nilikwenda kwa Papa Ajida kumwuliza kwa nini hakuandika namba ya jeshi, au jina la baba, au kijiji. Nilijifanya nauliza kwa ajili ya watu wote. Akashangaa. "Madamu, nom iko, prenom iko. Unataka nini tena?" Kwao jina la ukoo na la ubatizo yanatosha kumpata mtu. Mnande yeyote angejua kwamba hapo hajaandika kitu. Nilitaka kumpiga kwa rula.

Rejista yenyewe imo kabatini kwa sekretere wa kamati. Sekretere amekwenda Bukavu kwa boti, kumwoza binti yake. Ameondoka na ufunguo. Atarudi mwisho wa mwezi.

Jumapili, 18 Oktoba

Sikujua kwamba majina yatasomwa kanisani. Katekista aliyasoma baada ya komunyo ili familia zijiandae. Alipofika ishirini na saba nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Walinizingira nje. Pole Madamu, pole Madamu. Mama Prezida alinikumbatia akalia begani kwangu, yeye ambaye hakumjua mwanangu ila kwa picha. Nikamtoa taratibu. Nikawaambia wote: si yeye. Mmoja akasema ya Mungu ni mengi. Nikamwambia ya Mungu ni mengi, ndiyo, na ya Papa Ajida pia.

Kisha tukasikia kilio nyuma, karibu na bomba la maji. Mwanamke simjui. Mwembamba, kitenge kimefifia, kandambili. Wenzake walikuwa wamemshika. Ni wakimbizi wa kambi iliyo mbele ya Ndosho, wametoka upande wa Kayna. Anaitwa Mama Kavira. Mtoto wake wa pili wa kiume ni askari. Kambale. Anselme.

Tulitazamana. Alikuwa amekwisha kuambiwa kuhusu wangu.

Sikumpa pole. Wala yeye hakunipa.

Jumanne, 20 Oktoba

Nimefika ukumbini nikamkuta amekaa. Ameomba kusaidia. Nani angemkatalia?

Hajui kusoma wala kuandika lakini mikono yake ina elimu. Ameweka waya wetu pembeni, anafunga maua kwa kamba za mgomba zilizoloweshwa. Kamba ikikauka inabana yenyewe, ua halichomoki. Wengine wote wamemwiga kabla ya saa sita. Mimi siko upande wa maua.

Amekaa ng'ambo ya meza, tunatazamana tukiinua vichwa. Nimejua haya kwa kusikiliza akizungumza na wengine: mwanawe ana miaka ishirini na mbili. Wangu ishirini na mitatu. Wake alipelekwa Masisi. Wangu Masisi. Simu ya wake ilinyamaza kabla ya mvua za mwaka jana. Ya wangu pia.

Mama mmoja alisema kwa sauti kwamba huenda ni mtu wa tatu, Kambale mwingine kabisa. Sisi wawili tukaitikia pamoja, haraka, kama watoto wa darasa la kwanza.

Lakini nikiwa kwenye moto kurudi nyumbani sikufikiria mtu wa tatu. Nilifikiria: awe wake. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Yeye amekwisha kupoteza shamba, nyumba na mume. Amezoea. Ndivyo nilivyofikiri, kwamba amezoea.

Alhamisi, 22 Oktoba

Tepe arobaini zimekauka na kukunjwa. Mama Prezida amezihesabu. Amehesabu tena. Akauliza uko wapi wa arobaini na moja.

Nikasema sijauandika.

Akasema niandike tu, jina ni lilelile, awe wa nani awe wa nani. Kwa maneno hayo ana haki. Lakini nikamwuliza: na siku ya kuweka, nani atalibeba? Kila shada hubebwa na mama au mjane wa marehemu hadi kwenye msalaba. Ndiyo desturi. Shada likibebwa, kilio kimeanza, matanga yanawekwa, mtu anazikwa hata kama hakuna mwili. Ukimbebea mtu shada halafu siku moja akabisha hodi, utamwambia nini?

Mama Prezida akasema tubebe wote wawili.

"Hapana," akasema Mama Kavira. Ni neno la kwanza alilosema kuelekea upande wangu. "Musiandike. Mungoje ile kitabu."

Tumekubaliana juu ya jambo moja. Alipotoka kwenda msalani aliacha shali yake karibu na unyoya wangu. Niliisogeza kwa vidole viwili. Simpendi. Hajanifanya lolote.

Jumapili, 25 Oktoba

Misa ya kwanza. Nilipiga magoti nikaanza kuomba kama kawaida, Bwana umlinde. Kisha maombi yakaendelea yenyewe. Mpe yule mama nguvu ya kupokea. Nguvu ya kupokea nini, Masika? Nilijua nilichokuwa nasema. Nilikuwa namchimbia kaburi mtoto wa mwenzangu kwa maneno mazuri.

Sikwenda komunyo. Mama Prezida aliona. Anaona kila kitu yule.

Mama Kavira alikuwa safu tatu mbele. Naye hakuinuka.

Jumatatu, 26 Oktoba

Shemeji yangu alikuja. Anasema familia imekaa, wameamua tuweke matanga, kwamba mwaka na miezi miwili inatosha, kwamba mimi nazuia roho ya kijana. Nilimpa chai. Nilimwacha aimalize. Kisha nikamwonyesha mlango.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yeye ni baba mdogo, anajua mikutano.

Jumatano, 28 Oktoba

Maua yameanza kufika. Yale meupe yenye umbo la kikombe, ortansia za bluu, na mengine ya njano ambayo hakuna anayekumbuka jina lake. Tumeyalaza kwenye mabeseni sakafuni. Ukumbi una baridi na harufu ya maji.

Papa Ajida amepita kusema sekretere anapanda boti usiku huu. Kesho saa nne atakuwa hapa na rejista. Alisimama mlangoni kofia mkononi. Wamemweleza mambo ya majina yetu hatimaye. Akasema, "Mama zangu, munisamehe. Sikujua." Sikuwa tayari kumsamehe lakini niliitika. Mama Kavira akamletea kiti.

Tuliondoka pamoja, si kwa kupenda, mvua ilitukuta kwenye kibaraza kimoja. Tulisimama nusu saa. Mawe meusi ya barabara yakawa yanang'aa, watu wanaruka madimbwi. Alitoa mahindi mawili ya kuchoma kwenye mfuko, akanipa moja. Nikala.

Alhamisi, 29 Oktoba

Sekretere alifika saa tano, amechoka, suti ya harusi bado mwilini. Aliweka rejista mezani kati ya maua. Papa Ajida akamwambia asome polepole.

Kambale Anselme. Akasoma namba. Mimi najua namba ya mwanangu kama najua Baba Yetu, na tarakimu ya pili tu ilitosha. Lakini Mama Kavira hajui namba. Alikuwa ananiangalia usoni mimi, ajue kutoka kwangu. Na mimi sikuweza kuuzuia uso wangu.

Sekretere akaendelea. Jina la baba, Mbusa. Kijiji. Mama Kavira akasema ee. Akakaa chini, si kwenye kiti, chini, kati ya mabeseni.

Nilifurahi. Neno ni hilo, silibadilishi. Nilitoka nje, nikapita nyuma ya jiko la parokia, nikaziba mdomo kwa kitenge na kucheka. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilisikia wanawake wanapiga ukemi ndani, na mimi nacheka.

Nikarudi nikasimama na wengine nikalia nao. Machozi yalikuwa ya kweli. Sijui yalikuwa ya nani.

Nyumbani nimekaanga sambaza, dagaa wa ziwani, nimepika fufu, nimekula sahani nzima. Sijashiba hivi tangu tarehe kumi na sita.

Ijumaa, 30 Oktoba

Nimeamka na aibu. Imekaa tumboni pamoja na sambaza.

Na tena furaha yenyewe ni ya nini? Mwanangu hajapatikana. Simu yake nimeipiga asubuhi, haiiti. Nilichopewa jana ni kutojua, kilekile nilichokuwa nacho. Mtu anaweza kucheka nyuma ya jiko kwa kitu kidogo hivyo.

Nimeandika utepe. Nimeharibu wa kwanza, K imepinda. Nimeharibu wa pili, rangi imedondoka kwenye S. Wa tatu umekubali. Ni jina nililomfundisha mwanangu kuandika akiwa na miaka mitano, mkono wangu juu ya mkono wake. Nimeliandika kwa ajili ya mwingine. Nimeliandika vizuri kuliko yote arobaini, hilo naweza kusema.

Shada amelifunga Mama Kavira mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alichagua ua moja moja, akalikataa, akachukua jingine. Alilianza asubuhi akalimaliza saa kumi. Nilipomletea utepe alipitisha kidole juu ya herufi, kutoka mwanzo hadi mwisho, akaniuliza Anselme inaanzia wapi. Nikamwonyesha. Akaufunga.

Jumatatu, 2 Novemba

Siku ya marehemu. Misa saa moja, kisha magari mawili hadi makaburini. Mvua haikunyesha.

Misalaba ya mbao imepakwa chokaa. Wengine wamelala chini yake, wengine hawako, ardhi ya huku ni mawe ya volkano na hakuna anayechimba shimo la mtu asiyekuwepo. Papa Ajida amevaa nishani zake zote. Aliita majina, na safari hii aliita na jina la baba na kijiji. Yote arobaini na moja. Sauti ilimkauka katikati, hakukubali maji.

Mama mmoja mmoja wakatoka na shada. Bibi kizee wa miaka themanini alibeba la mumewe kwa kichwa, kama beseni.

Ilipofika zamu ya Mama Kavira, hakutoka. Wenzake wa kambi hawakupata nafasi kwenye magari. Alisimama tu na lile shada kubwa mikononi. Watu wakaanza kunitazama. Nilitoka kwenye mstari nikashika upande wa pili.

Tulitembea hivyo, shada katikati yetu. Njiani, bila kugeuza kichwa, akasema:

"Madamu, nilikuwaka naomba Mungu ikuwe wako."

Tulikwenda hatua tatu nne.

"Na miye pia," nikasema. "Niliomba ikuwe wako."

"Nilijua. Nilikuona siku ile unatoka inje."

Tukafika. Tukaliegemeza kwenye msalaba. Utepe uligeuka nyuma, akaunyosha. Akapiga magoti, mimi nikabaki nimesimama kwa sababu lilikuwa kaburi lake yeye na si langu. Kisha akanivuta kitenge nami nikapiga magoti. Mawe yaliniumiza. Alilia kwa sauti kubwa, sauti ambayo alikuwa hajaitoa tangu Alhamisi. Nilimshika mgongo.

Jumatano, 4 Novemba

Siku ya tatu ya matanga, kambini. Hema lake ni dogo, tumekaa nje juu ya mikeka. Nimeleta unga na maharagwe, Mama Prezida ameleta kelele zake, zimesaidia. Wanaume wamewasha moto pembeni, wanacheza karata kimya.

Ameniuliza mambo ya mwanangu. Anakula nini, ni mrefu? Ni mkali kama wewe? Nimemjibu. Ni mrefu, anapenda maharagwe yaliyolala, hajui kuimba lakini anaimba. Naye amenieleza ya wake, na vicheko vimetutoka mara mbili.

Jioni katekista aliongoza rozari. Mwishoni alimwuliza mwenye matanga kama ana nia ya kuongeza. Mama Kavira akasema ndiyo.

"Mulikuwa Anselme mbili katika maombi yangu, moja nilimuombea mabaya. Sasa nimebakia na huyu mumoja. Tumuombee arudie kwa mama yake."

Wote wakaitika. Nami nikaitika. Halafu nikainuka kwenda kuosha masahani, yalikuwa mengi.